Mchoro wa nodi na mistari kwa mfumo wa korosho: nichore nini na niache nini?

Kijana_wa_Kitangari

Wanajukwaa, habari za kazi.

Chama chetu cha msingi, hapa wilayani Newala, kimenipa jukumu la kuandaa maelezo yatakayotolewa mbele ya wanachama kuhusu namna mfumo mzima wa korosho unavyokwenda, tangu salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, inapofika kijijini hadi meli inapong'oa nanga katika bandari ya Mtwara. Kilichozaa kazi hii ni malalamiko ya kila msimu kwamba malipo huchelewa baada ya mnada, na kwamba kila anayeulizwa sababu hutaja mahali ambapo yeye hafanyi kazi: karani hutaja ghala, watu wa ghala humtaja msafirishaji, msafirishaji hutaja barabara, na mwisho wa yote hutajwa benki.

Nimeona nisiandike kurasa nyingi ambazo hazitasomwa, bali nichore, kila mhusika awe nodi na kila uhusiano uwe mstari. Nimemweka mkulima, karani wa mizani, AMCOS (yaani chama cha msingi), mwendesha ghala, chama kikuu (muungano wa vyama vya msingi), Bodi ya Korosho, soko la bidhaa, mnunuzi, benki, halmashauri, msambazaji wa pembejeo, msafirishaji, bandari na wengine wengi. Sasa nodi zimefika arobaini, mistari imepishana kama utando wa buibui, na mwenyekiti alipouona mchoro aliniuliza kwa upole kama ninao mwingine.

Naomba kufahamishwa mambo mawili. Je, njia hii inafaa kwa mfumo wenye watu, bidhaa, fedha na maamuzi kwa pamoja, au ni ya mafundi wa umeme na wa mitandao ya kompyuta tu? Na kama inafaa, ni kwa kigezo gani mtu huamua kitu gani kiingie katika mchoro na kipi kibaki nje?

Mwalimu_wa_Hesabu_Lindi

Ndugu mleta mada, njia uliyoichagua inafaa, na wala haikuzaliwa katika umeme wala kompyuta. Kisa chake mashuhuri cha mwanzo kinahusu watembea kwa miguu. Mwaka 1736 mwanahisabati Leonhard Euler alilijadili swali lililohusu mji wa Königsberg, ambao leo unaitwa Kaliningrad nchini Urusi: mji huo uligawanywa na mto katika sehemu nne zilizounganishwa kwa madaraja saba, nalo swali lilikuwa iwapo mtu anaweza kuyavuka yote katika matembezi mamoja bila kupita daraja lolote mara mbili. Euler aliutupa urefu wa madaraja, akautupa upana wa mto na sura ya kisiwa, akabaki na sehemu nne na viungo saba, kisha akaonyesha kwamba haiwezekani, kwa kuwa kila sehemu ilikuwa na madaraja ya idadi witiri, ilhali matembezi ya aina hiyo hayaruhusu zaidi ya sehemu mbili za namna hiyo, yaani ya kuanzia na ya kumalizia.

Ninachotaka ukitazame hapo ni vile vitu alivyovitupa. Aliweza kuutupa urefu kwa sababu swali lake halikuuhitaji; angeulizwa matembezi hayo yatachukua muda gani, urefu uleule ndio ungekuwa kiini cha kazi. Kwa hiyo kigezo unachokiomba hakimo ndani ya mfumo wa korosho bali kimo katika swali ulilopewa, na swali lako, kwa maelezo yako mwenyewe, ni kuchelewa kwa malipo. Hukutumwa kuchora korosho yote.

Mchoro wako umesongamana si kwa wingi wa nodi peke yake. Nodi arobaini zinaweza kuunganishwa kwa mishale 1,560, ukihesabu kwenda na kurudi kuwa mishale miwili, na ukiruhusu kila neno "kuhusiana" liwe mstari utaikaribia idadi hiyo bila kujua. Nina hakika karatasi yako ina mistari inayobeba magunia, mingine inayobeba fedha, mingine inayobeba karatasi na taarifa, na mingine inayobeba amri, na yote imechorwa kwa kalamu moja. Chukua karatasi tofauti kwa kila aina. Nodi zibaki mahali palepale katika kila karatasi, ili msomaji akiziweka sambamba aone kwamba AMCOS ya karatasi ya magunia ndiyo AMCOS ya karatasi ya fedha. Kisha kila mstari uusome kwa sauti kama sentensi yenye kitenzi. "AMCOS hupeleka magunia kwenye ghala kuu" ni sentensi inayochoreka. "Bodi inahusiana na mkulima" haichoreki, kwa hiyo ifute hadi utakapopata kitenzi.

Kuhusu wingi wa nodi, unganisha wahusika wawili iwapo, kwa swali lako, wanapokea kutoka kulekule na kupeleka kulekule. Wakulima wote wa kijiji wanaweza kuwa nodi moja katika karatasi ya magunia. Huenda wasiweze kuwa moja katika karatasi ya fedha, kwa kuwa mwenye mikorosho michache na mwenye shamba kubwa hawana subira sawa ya kungoja malipo.

Jambo la mwisho, ambalo naona litakusaidia zaidi ya yote: kabla ya kuchora, tengeneza jedwali. Upande wa kushoto andika majina ya nodi zote, juu andika majina hayohayo, na ndani ya kila chumba andika kinachotoka kwa huyu kwenda kwa yule. Safu mlalo iliyo tupu ni ya mhusika asiyetoa chochote, na safu wima iliyo tupu ni ya mhusika asiyepokea chochote. Ukimkuta asiyetoa wala kupokea, amewekwa kwa heshima tu, wala hahitajiki katika mchoro.

Utagundua pia kwamba karatasi ya magunia ina umbo ambalo sisi wa hisabati huliita mti. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mazao huwekwa ghalani kwa stakabadhi kisha huuzwa mnadani, ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, ulikusudia mazao yakusanywe: wakulima wengi huingia AMCOS moja, AMCOS nyingi huingia ghala kuu moja, na maghala huhudumia mnada mmoja wa chama kikuu. Mti huwa na mistari iliyo pungufu kwa moja tu kuliko nodi zake, na kati ya nodi mbili zozote pana njia moja pekee. Faida yake ni kwamba bei inajulikana na mzigo unahesabika. Gharama yake ni kwamba mstari wowote ukikatika, kila kilicho nyuma yake kinasimama.

Lori_la_Kusini

Namuunga mkono Mwalimu, nami niongeze la barabara, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na kwa kuwa nimetajwa miongoni mwa wanaotupiwa lawama.

Ukiichora mikoa yetu kwa nodi na mistari utaona jambo ambalo ramani ya kawaida inalificha. Chukua Mingoyo, pale inapokutana barabara ya Lindi, ya Mtwara na ya Masasi. Kwa idadi ya mistari inayoingia ni nodi ndogo, ina mitatu tu, na kwa ukubwa wa mji hailingani hata kidogo na Masasi. Lakini ukiorodhesha safari zote kati ya miji yetu na kuhesabu ni ngapi hulazimika kupita hapo, Mingoyo inapanda juu kuliko miji mingi mikubwa. Kipimo hicho cha kuwa katikati ya njia za wengine kiliwekewa kanuni na mwanasosholojia Linton Freeman mwaka 1977, na kinafaa kwa wahusika wa chama chako kama kinavyofaa kwa njia panda: mtafute mtu ambaye karatasi zote hupitia mezani kwake ingawa cheo chake ni kidogo. Barabara ya lami kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi ikiwa tayari kwa urefu wake wote, kipimo cha Mingoyo kitashuka, ingawa Mingoyo yenyewe haitakuwa imeguswa.

La pili ni mpaka wa mchoro. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mvua ziliharibu barabara na madaraja katika eneo la Somanga wilayani Kilwa, na magari ya kati ya Dar es Salaam na mikoa ya Lindi na Mtwara yakakwama. Je, huo ulikuwa mstari ambao ukikatika mfumo unagawanyika vipande viwili? Ukichora barabara za Tanzania nzima, jibu ni hapana, kwa kuwa unaweza kupita Masasi, Tunduru, Songea na Makambako ukafika Dar es Salaam kwa mwendo unaozidi mara mbili ule wa kawaida. Ukichora zile tu ambazo msafirishaji anaweza kuzipita bila kubadilisha bei aliyokubaliana na mteja, jibu ni ndiyo. Mfumo ni uleule, na majibu ni mawili kwa sababu mpaka umewekwa mahali pawili. Andika kwa maneno, chini ya kila karatasi, mpaka umeuweka wapi na kwa nini.

Na tafadhali, usitoe mstari mmoja kutoka Newala kwenda bandarini ukadhani umemaliza. Gari linaweza kutokea kwa Tandahimba, kwa Masasi, au kwa njia ya hapo kwenu Kitangari hadi Mtama, na kila njia ina gharama yake na msimu wake. Ziandikie namba.

Mzee_wa_Ndanda

Wanangu, mnasema vizuri, lakini mchoro wa namna hii haujui saa. Mmechora nani anampa nani nini. Kijana ameulizwa kwa nini kunachelewa. Mishale mia haitamjibu iwapo hakuna hata mmoja unaosema siku ngapi.

Tena namba hizo msiziweke kwenye mistari peke yake. Katika miaka yangu ya ghalani mzigo haukuchelewa njiani, ulichelewa ukiwa umesimama: kungoja upimwe unyevu, kungoja nafasi ya kushusha, kungoja idadi itimie ili uingie mnadani. Kwa hiyo kila nodi ipewe muda wake wa kungoja.

Bibi_Ushirika_Nachingwea

Shikamoo Mzee wa Ndanda, na wengine nawasalimu. Hoja ya Mzee ni ya msingi, nami nataka kuisogeza mbele kidogo, kwa kuwa muda wa kungoja hauishii kuwa namba, bali huzaa matokeo ambayo hurudi na kuurefusha.

Mdogo wangu wa Kitangari, nimeisoma orodha ya nodi zako na nimeona haimo kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa wakulima nje ya mfumo rasmi. Najua kwa nini haimo. Ununuzi wa kangomba umekatazwa, hauna stakabadhi, hauna karani, na anayechora kwa kutazama nyaraka za ofisi hawezi kuuona. Lakini ndio unaoufanya ule mti wa Mwalimu usiwe mti tena, kwa sababu ni njia ya pili kati ya mkulima na soko. Korosho hutoka kwa mkulima kwenda kwa kangomba kwa bei ya hasara, mara nyingi zikiwa bado maua mtini, kisha huingia mizani ya AMCOS kwa jina la mtu mwingine. Kumbukeni Novemba 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya. Kwenye mchoro rasmi ungeona mabadiliko mawili tu, mnunuzi na msafirishaji. Lakini uhakiki wa wakulima uliofuata ulilenga mstari ambao haukuwa katika mchoro wowote rasmi, na ndiyo maana watu wengi walishangaa kuona malipo yanasimama kungoja kuthibitishwa nani ana shamba na nani hana.

Kwa hiyo nakushauri uchore karatasi moja zaidi, ya aina tofauti kabisa. Humo nodi si watu wala ofisi, bali ni vitu vinavyoweza kuongezeka au kupungua, na mshale maana yake ni kwamba hiki kikiongezeka, kile hubadilika. Ukiweka alama ya kujumlisha, unasema vinakwenda pamoja. Ukiweka ya kutoa, unasema kimoja kikipanda kingine hushuka. Fani ya kuchunguza mizunguko ya namna hii iliasisiwa na Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, katika miaka ya 1950, akianza na viwanda vilivyokuwa vikipandisha na kushusha ajira bila sababu iliyoonekana nje.

Jaribu hivi. Muda wa kungoja malipo ukiongezeka, korosho zinazouzwa kangomba huongezeka: kujumlisha. Kangomba ikiongezeka, kilo ambazo wanachama halisi huleta kwa majina yao hupungua: kutoa. Kilo hizo zikiongezeka, chama huwa na uwezo zaidi, kwa makato na kwa kumbukumbu zilizo safi: kujumlisha. Uwezo wa chama ukiongezeka, muda wa kungoja hupungua: kutoa. Sasa hesabu alama za kutoa katika mzunguko huo. Ni mbili, nayo ni idadi shufwa. Mzunguko wenye alama shufwa za kutoa hujichochea wenyewe, yaani ukianza kwenda vibaya huzidi kwenda vibaya, na ukianza kwenda vizuri huzidi kwenda vizuri. Zingekuwa witiri, ungekuwa mzunguko unaojirekebisha. Sikuambii kwamba chama chenu kipo katika hali hiyo. Nakuambia kwamba ukiwa na karatasi hii unajua maswali manne ya kwenda kuuliza, moja kwa kila mshale, na mshale mmoja ukikosa ushahidi mzunguko wote unavunjika na hoja yangu pia.

Namna ya kuuliza ina adabu yake. Mkutanoni, mbele ya viongozi, hakuna atakayekuambia kwamba aliuza kangomba. Uliza badala yake fedha ya mwezi wa Julai na Agosti hutoka wapi, wakati wa kupulizia salfa na kabla ya korosho ya kwanza kuanguka. Majibu yatakuonyesha mstari bila mtu kujitaja. Na katika mchoro usiandike jina la mtu yeyote. Andika aina ya mhusika tu. Ukiandika majina, mchoro unageuka kuwa orodha ya watuhumiwa, na mwakani hutapata wa kukujibu.

Kijana_wa_Kitangari

Shikamoo Mzee, shikamoo Dada, na ahsanteni nyote. Nimeanza na jedwali la Mwalimu, na limepunguza nodi nyingi ambazo kweli zilikuwa za heshima. Bado sijaelewa jambo moja katika ushauri wa Mzee: muda wa kungoja nitaupata wapi, ikiwa kila ofisi hunipa takwimu zake zikiwa nzuri? Na je, kuna programu inayofaa, au niendelee na karatasi?

Mzee_wa_Ndanda

Marahaba, mwanangu. Usiulize mtu alikawia siku ngapi. Chukua karatasi zenye tarehe: stakabadhi ya mizani ya AMCOS, hati ya kupokelea mzigo ghala kuu, tangazo la mnada, na taarifa ya benki ya mkulima aliyekubali kukuonyesha. Toa tarehe katika tarehe. Fanya hivyo kwa mizigo kadhaa ya mnada uleule, kisha ya mnada mwingine, maana mwanzo wa msimu na katikati ya msimu foleni si moja.

Lori_la_Kusini

Kuhusu programu: kwa nodi chini ya ishirini, karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito vinashinda, kwa kuwa mwanachama anaweza kusimama na kukurekebishia mshale mbele ya wenzake. Ukitaka nakala safi, Graphviz huchora yenyewe kutokana na orodha ya maandishi unayoiandika, mstari kwa mstari, nayo haihitaji intaneti ikishawekwa. yEd inafaa kwa anayependa kusogeza nodi kwa mkono. Gephi ni ya mitandao mikubwa, na kwa kazi yako itakupotezea muda. Vipimo kama vile vya Mingoyo vinaweza kukokotolewa kwa maktaba ya NetworkX ukiwa unaifahamu lugha ya programu ya Python, ingawa kwa nodi kumi na kitu unaweza kuhesabu kwa kidole.

Tahadhari moja: programu hizi hupanga nodi kwa namna inayopendeza jicho, na watazamaji hudhani iliyo katikati ya karatasi ndiyo yenye nguvu. Waambie mapema kwamba mahali ilipo nodi hapana maana yoyote.

Karani_Mstaafu_Ruangwa

Nimefuatilia mjadala huu kimya, na nina marekebisho kwenye karatasi ya fedha, kwa kuwa wengi huichora vibaya.

Watu huchora fedha ikitoka kwa mnunuzi kwenda chama kikuu, kutoka hapo kwenda AMCOS, na kutoka AMCOS kwenda kwa mkulima, kana kwamba inarudi kwa njia ileile yaliyopita magunia. Malipo yanapofanywa kwa akaunti za wakulima, fedha ya mkulima haipiti mikononi mwa AMCOS. Hutoka benki kwenda benki na kuishia katika akaunti yake. Kinachotoka AMCOS ni orodha ya malipo: jina, namba ya akaunti, kilo na daraja la korosho. Kwa hiyo mshale wa AMCOS kwenda benki ni wa karatasi ya taarifa, nao ndio unaoufungua mshale wa fedha. Ukiziweka karatasi hizo mbili sambamba, kama Mwalimu alivyoelekeza, utaona kwamba fedha inaweza kuwa imefika benki na bado ikalala hapo, kwa sababu orodha ina namba ya akaunti iliyokosewa au jina lisilolingana na la kitambulisho, ikarudishwa kijijini kurekebishwa.

Basi, pamoja na zile tarehe za Mzee, omba mbili zaidi: tarehe ambayo orodha iliondoka kwenye chama chenu kwa mara ya kwanza, na tarehe ambayo benki iliikubali.